Niliyemfundisha kazi sasa anataka kuniajiri

Mshauri,

Shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi umri, nirudishie, hatutagombana.

Nina miaka 52, ni mhasibu. Miaka 24 nimeimaliza katika kampuni moja, nikianzia meza ya kupanga stakabadhi mpaka nikawa mhasibu mkuu, watu tisa chini yangu. Miezi 11 iliyopita kampuni ikanunuliwa na nyingine kubwa. Wanunuzi walikuwa na idara yao ya fedha, ya pili hawakuihitaji. Nikakabidhi funguo za kasha, nikatia saini, nikapewa malipo yangu ya kuondoka na cheti cha shukrani ambacho jina langu limekosewa herufi moja. Sina kinyongo nao. Ningekuwa mimi upande ule wa meza, hesabu zingenipeleka palepale.

Tangu siku ile natafuta kazi. Nimefungua lahajedwali: tarehe, kampuni, nafasi, jibu. Hadi leo nimetuma maombi 143. Usaili nimeitwa mara sita, na mara mbili nilifika raundi ya mwisho. Safu ya "jibu" karibu yote ni tupu. Sehemu moja niliambiwa sifa zangu zimezidi nafasi, kama vile mzigo uliozidi uzito. Kwingine, binti aliyekuwa akinihoji, mpole kabisa, aliniuliza nitajisikiaje kuongozwa na mtu mdogo kwangu. Nikajibu hakuna tatizo. Nadhani uso wangu ulijibu vingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita alinipigia simu kijana mmoja niliyempokea akitoka chuoni. Nilimfundisha kwa mkono wangu kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kufunga mwezi, hata kumwandikia mdaiwa barua ya kumkumbusha bila kumkasirisha. Alikaa nasi miaka mitano akaondoka. Leo ana miaka 41, na kumbe kijana huyo ni mkurugenzi wa fedha mahali. Habari zangu alizipata kwa mkaguzi wa nje, yule aliyekuwa akija kutukagua mara moja kwa mwaka. Ananipa kazi ya mhasibu mwandamizi, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara asilimia 60 ya ule wa zamani. Jibu anataka kabla ya mwisho wa mwezi.

Mke wangu anasema nikubali, kisha anatoka chumbani kabla sijafungua mdomo. Yeye peke yake ndiye anayejua ukweli. Wengine wote, ndugu zangu, majirani, wenzangu wa kazini, wanajua kwamba "nafanya ushauri wa kujitegemea". Si uongo mtupu: nimewafungia hesabu za mwaka wanakikundi fulani cha akiba, bila malipo. Kaka yangu mkubwa huwa anajisifu mbele ya watu kwamba mdogo wake sasa ni bosi wa nafsi yake. Nawezaje kumwambia? Ukurasa wangu wa LinkedIn bado unasema mimi ni mhasibu mkuu wa kampuni ambayo haipo tena kwa jina lile.

Akiba yetu, tukiibana, itafika miezi minane.

Maswali yangu ni haya. Nikubali kazi ya kijana yule, au nisubiri inayolingana nami? Rafiki wa mke wangu anayefanya kazi za uajiri anashauri nifute miaka ya masomo kwenye wasifu na nishushe cheo changu ili nisiwatishe watu. Huo si udanganyifu? Na la mwisho, ambalo naona haya hata kuliandika: kijana akiniita ofisini kwake kunikosoa, nitaketi vipi?

Nakuambatanishia wasifu, jina nimelifuta.

Mhasibu asiye na vitabu

*

Ndugu yangu Mhasibu,

Marahaba. Nimekuzidi miaka miwili tu, kwa hiyo nusu ya shikamoo nakurudishia.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe moyoni mwako kama nimekosea. Kazi iliondoka bila kosa lako. Ukaingia sokoni kwa bidii na kwa mpangilio, na soko likakunyamazia. Sasa umefunguliwa mlango mmoja, lakini ni mfupi. Kuupita lazima uiname, na anayekuangalia ukiinama ni mtu uliyemfundisha kusimama. Nyuma yako kuna akiba ya miezi minane na mke ambaye jibu lako analijua kabla hujalisema.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilirudi kwenye lahajedwali. Maombi 143 uliyapeleka kwa watu wasiokujua. Kwa wanaokujua hukupeleka hata moja. Na ofa pekee uliyonayo mkononi haimo kwenye lahajedwali kabisa. Imepita njia ya mkaguzi aliyesikia na kumwambia mwingine, kwa sababu habari zako zilimponyoka mtu, kwa bahati. Ningependa ukae na jambo hilo kidogo kabla ya kurudi kwenye mlango mfupi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu namna watu wa taaluma walivyopata kazi zao. Aliwauliza wale waliozipata kupitia kwa mtu: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Chini ya asilimia 17 walisema mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na karibu asilimia 28 walisema nadra sana. Maelezo yake hayana mafumbo. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, maana mnaketi na watu walewale. Mtu wa mbali anaketi kwingine na kusikia mengine. Mkaguzi wako wa mara moja kwa mwaka ni mtu wa aina hiyo hasa. Huyo hukumwomba chochote na ameleta kitu. Sijui wangeleta nini wale wengine ambao wangeombwa: watu wa benki mliokuwa mkishughulika nao, wauzaji wa mfumo wa hesabu, wahasibu wa wateja wenu, watu tisa waliokuwa chini yako ambao nao wametawanyika kila mahali.

Hawaleti kwa sababu umewaambia umeshiba. Mtu akisikia fulani anafanya ushauri wa kujitegemea na mambo yanamwendea, akiona nafasi nzuri hamfikirii. Anamfikiria mwenye shida. Kwa hiyo maneno yale yaliyokuhifadhia heshima ndiyo hayo hayo yaliyofunga njia. Silitaji hili kukulaumu. Najua uzito wa kaka anayejisifu mbele ya watu. Ila nakuuliza, kaka yako anajivunia cheo chako, au anajivunia wewe? Umelijibu swali hilo kwa niaba yake kwa miezi 11, na yeye hajapewa nafasi ya kusema lolote.

Wala kuwaambia watu si lazima kuwe kilio. Sentensi mbili zinatosha: "Kampuni yetu ilinunuliwa na idara yangu ikafungwa. Natafuta nafasi ya kusimamia hesabu; ukisikia mtu anasumbuka na kufunga mwaka, nitaje." Angalia kwamba hujamwomba kazi. Ukimwomba mtu kazi asiyokuwa nayo, unamwaibisha na ataanza kukukwepa. Ukimwomba masikio, hilo kila mtu analo.

Sasa tuje kwenye ofa.

Hofu ya anayesubiri ni kwamba pengo linazidi kupanuka. Hofu hiyo ina msingi, lakini habari zake zimechanganyika. Wachumi Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walituma wasifu wa kubuni wapata 12,000 kwa matangazo halisi ya kazi nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kadiri miezi bila kazi ilivyozidi, ndivyo simu za waajiri zilivyopungua, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea ndani ya miezi minane ya kwanza. Wewe uko mwezi wa 11. Ukiyafuata matokeo hayo, sehemu kubwa ya hasara, kama ipo, umeshaipata. Mwezi mmoja zaidi hauongezi maumivu kama unavyodhani saa nane za usiku.

Kisha mwaka 2016 Henry Farber, Dan Silverman na Till von Wachter wakachapisha jaribio jingine la aina hiyo, safari hii kwa wanawake wasomi wenye uzoefu waliokuwa wakiomba kazi za utawala wa ofisi. Wao hawakuona kabisa athari ya muda wa kukaa bila kazi. Waliona mambo mawili mengine: wenye miaka 50 na kuendelea waliitwa kidogo zaidi, na walioshika kazi ya chini kwa muda, ili wasikae bure, nao waliitwa kidogo zaidi. Hilo la pili nililisoma mara mbili kwa ajili yako. Lakini kazi ya muda waliyoipima ilikuwa ya ngazi ya chini kabisa. Mhasibu mwandamizi bado ni mhasibu. Je, msomaji wa wasifu wako mwaka kesho ataona umeshuka ngazi, au ataona umerudi kazini? Sehemu ya jibu itategemea utakachofanya humo ndani, na sehemu nyingine jina la cheo, ambalo bado linaweza kujadiliwa.

Naona umeuchukulia mkataba kama karatasi iliyokwisha kupigwa muhuri. Umemuuliza kwa nini anakutaka wewe? Mkurugenzi mwenye miaka 41 anaweza kupata mhasibu mwandamizi mwenye miaka 30 kwa mshahara huo huo. Akimfuata mtu aliyemfundisha, huenda anamwonea huruma, huenda ana tatizo ambalo hawezi kulisema mbele ya wafanyakazi wake, na huenda ni yote mawili. Ukilijua tatizo hilo, una cha kujadiliana. Mshahara pengine umefungwa na bajeti, lakini kuna mengine: cheo kinachotaja kazi utakayoifanya kweli, tathmini baada ya miezi sita yenye kiwango kipya kilichoandikwa, muda wa notisi ulio sawa kwa pande zote mbili, mafunzo ya mfumo wao. Yaliyosemwa kwa mdomo na mwanafunzi wa zamani kwa upendo mkubwa hubaki maneno matupu mkataba ukiisha. Unalijua hilo kuliko mimi.

Kukubali kuna hatari zake, nisikufiche. Ukizoea asilimia 60, mwajiri ajaye akiuliza ulikuwa unapata kiasi gani, hiyo ndiyo itakayokuwa ngazi ya kuanzia. Ukiingia na moyo wa mtu aliyekopeshwa, watu watauona, na yeye atauona wa kwanza. Na kutafuta kazi huku umeajiriwa kunakula jioni zako. Kukataa nako kuna gharama: miezi minane ya akiba ni mirefu kwenye karatasi, mifupi ndani ya nyumba yenye mke anayetoka chumbani. Kwani akitoka, huwa anakwenda wapi? Sikuulizi ili unijibu mimi.

Njia ya tatu umeitaja mwenyewe bila kukusudia, nayo ni ule ushauri wa kujitegemea, ukifanywa kweli, kwa malipo. Siipigii debe. Mteja wa kwanza asiyelipa huwa ni mazoea mabaya, na miezi mingi ya mwanzo hupotea kwenye kutafuta kazi badala ya kuifanya. Ila kama kile kikundi cha akiba kimeridhika, kinajua vikundi vingine. Iache mezani.

Kuhusu kijana. Umemwita hivyo mara nne katika barua moja, na ana miaka 41. Nilidhani nimehesabu vibaya nikarudia. Wewe ulipokuwa na miaka 41 ulikuwa umeshakuwa nani pale kazini? Sisemi usimwite hivyo nyumbani. Nasema yule binti mpole wa usaili alikuuliza swali la haki, na jibu lako la kweli limo humu kwenye barua. Swali lako la kuketi vipi nililipenda kuliko yote kwa sababu ndilo lililokugharimu kuliandika. Unaweza kumuuliza yeye mwenyewe kabla hujasaini: "Siku nikikosea, utaniambiaje?" Akicheka kwa wasiwasi, naye analiwaza. Akikujibu waziwazi, umepata fununu ya mwaka mzima utakavyokuwa. Na kumbuka, aliyemfundisha kumkumbusha mdaiwa bila kumkasirisha ni wewe.

Tumalizie wasifu, maana hapo nina la kusema na nitalisema bila kuremba.

Kufuta miaka ya masomo si udanganyifu. Wasifu hauna kanuni inayokutaka utaje kila kitu, unachagua. Kushusha cheo ulichokuwa nacho ni kuandika kitu ambacho hakikuwa, na siku mwajiri akipiga simu kwenye kampuni ile, umekwisha. Tofauti ya kutotaja na kughushi unaijua kwa taaluma yako. (Najua kuna mkaguzi anayesoma hapa na kutikisa kichwa kwamba kutotaja nako kunaweza kupotosha. Ana haki. Lakini mwaka uliomaliza chuo hauwezi kumpotosha mtu atakayeuona uso wako siku ya usaili.) Ubaguzi wa umri upo, na nchi kadhaa zina sheria ya kuupinga, ya Marekani, inayowalinda wenye miaka 40 na zaidi, ni ya mwaka 1967. Kuuthibitisha ni kazi nyingine kabisa, kwa hiyo nisingekushauri ujenge mpango wako juu yake.

Tatizo kubwa la wasifu wako, hata hivyo, si miaka. Ni kurasa sita! Umeuandika kama daftari la kumbukumbu, kila tukio kwa tarehe yake, tangu stakabadhi ya kwanza. Kuna majedwali mawili, na picha ya vyeti imebandikwa katikati. Programu nyingi ambazo waajiri hutumia kuchuja maombi husoma maandishi kwa mfululizo, na hapo huvurugika. Huenda baadhi ya zile safu tupu ni mashine iliyoshindwa kukusoma, si mtu aliyekukataa.

Ukurasa wa tano, chini ya kozi ya huduma ya kwanza, nimekuta mstari huu: "Niliongoza utekelezaji wa IFRS 16." Ndugu yangu! Kwa kiwango hicho cha kimataifa cha uhasibu, karibu mikataba yote ya upangaji ilibidi iingizwe kwenye mizania ya mpangaji kuanzia mwaka 2019, na wewe uliyeifanya kazi hiyo unaificha chini ya bandeji? Sasa kiwango kingine, IFRS 18, kinakuja kuchukua nafasi ya IAS 1, kile cha zamani cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, kwa vipindi vinavyoanza Januari 2027, na mpangilio wa taarifa ya faida na hasara utabadilika, pamoja na takwimu za kulinganisha za mwaka uliotangulia. Kuna wakurugenzi wa fedha ambao jambo hilo linawanyima usingizi. Sitashangaa kama mmoja wao ana miaka 41.

Karibu mwaka 1482, Leonardo da Vinci, akiwa na miaka kama 30, alitaka kazi kwa Ludovico Sforza aliyekuwa akiitawala Milan. Rasimu ya barua hiyo ipo hadi leo. Haianzi na alikosoma wala alichowahi kuchora. Inaorodhesha anachoweza kumfanyia mtawala mwenye vita: madaraja mepesi ya kubebeka, kukausha maji ya mahandaki wakati wa kuzingira ngome, mizinga, magari yaliyofunikwa. Uchoraji unatajwa karibu na mwisho. Alijua anayesoma anasumbuliwa na nini. Kurasa zako sita zinaeleza vizuri sana ulikotoka, lakini nimezisoma zote na bado sijui kesho asubuhi utamwondolea nani mzigo gani. Kurasa mbili zinatosha, na mstari ule wa ukurasa wa tano upande juu.

Sijakuambia ukubali wala ukatae, na sitakuambia. Ninachokiona ni kwamba kabla ya mwisho wa mwezi unaweza kufanya mazungumzo matatu ambayo hujayafanya: na mkurugenzi huyo kuhusu kinachomsumbua, na kaka yako, na mkeo akiwa ndani ya chumba. Kila moja linaweza kulibadilisha jibu lako, na sijui litalipeleka upande gani.

Halafu yule mkaguzi. Amekufikishia ofa bila kuombwa, na kwa barua yako sioni kama umempigia hata kumshukuru. Namba yake bado unayo?